Masahihisho, Ukurasa wa 211

Mswada uliletwa jana na basi la Arusha,
umefungwa kwa kamba ya katani, karatasi mia tatu na kitu,
na kijikaratasi: "Dada Aikaeli, koma na nukta tu.
Ijumaa mtambo unaanza."

Koma na nukta ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na tisa sasa,
chumba cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji, Kiusa,
dirisha linatazama ukuta, na juu ya ukuta, siku ikipenda,
kipande cha Kibo.

Nazijua riwaya za namna hii.
Mkaguzi wa hesabu anafika na treni, koti limelowa;
mlinzi wa ghala anasema nusu ya neno, kesho yake hayupo;
kuna kigogo, kuna bahasha, kuna mwanamke anayejua.
Msomaji atasoma mpaka chipsi zipoe.
Mimi nasoma kwa rula, mstari kwa mstari,
nisisikie hadithi, nione herufi.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja
rula ilikataa kushuka.
Ghala la kahawa karibu na stesheni, usiku wa mvua ya Aprili.
Malori matatu, taa zimezimwa.
Karani anaandika kitabuni:
"Mafuriko yameharibu magunia mia nne."

Mvua hiyo naijua.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alirudi Rau alfajiri
na viatu vikavu.
Vikavu, na maji yalikuwa yameingia ghalani mpaka magotini:
ndivyo gazeti lilivyosema,
ndivyo yeye mwenyewe alivyotia saini.
Mama aliviangalia, akavitoa uani,
akavimwagia ndoo nzima.

Hatukuuliza. Nyumba ikapata bati,
mimi nikapata ada ya sekondari.
Sarufi hii inayonilisha
niliisomea kwa kahawa ya watu wa Kibosho
waliorudi milimani na pole mahali pa malipo.

Nikampigia mwandishi. Kijana wa Ngarenaro, ana haraka.
"Hii ya ghala umeitoa wapi?"
"Nimetunga, dada. Kwani kuna kosa?"
Nikasema nitaangalia.

Katika riwaya kigogo anatiwa pingu sura ya thelathini.
Huku mjini anakata utepe.
Jumapili iliyopita ameinunulia kwaya kinanda,
kanisa zima likapiga makofi,
na mikono yangu haikubaki mapajani.

Baba, mwaka wake wa mwisho, majina yetu yalimtoka yote.
Namba ilibaki.
Nikimlisha mtori, kijiko kwa kijiko, anahesabu,
akifika mia nne anashika mkono wangu:
"Hizo zao. Kumi na mbili zangu."
Nilimfuta mdomo. Nilidhani ni homa.
Uongo. Sikudhani ni homa.

Kwa hiyo hata kitabu cha karani kilidanganya juu ya uongo wake,
na kijana wa Ngarenaro, aliyeokota ukweli gizani bila kujua,
ameukuta umepungua gunia kumi na mbili,
na mtu pekee anayejua upungufu huo
amelipwa kusahihisha nukta.

Saa kumi jioni. Nikachukua kalamu,
nikakata "mia nne",
nikaandika juu yake, kwa mwandiko niliofunzwa kwa ada ile,
mia nne na kumi na mbili.
Pambizoni: kosa la hesabu.

Bwana Mangesho akaja kuchukua kurasa,
akafunua moja moja, akasimama pale pale.
Baba yake alikuwa dereva wa lori; sijawahi kumuuliza lipi.
"Hii si koma," akasema.
"Si koma."
Akakunja miwani, akaondoka na kurasa kwapani.

Ijumaa nitausikia mtambo kupitia ukuta,
tap, tap, tap,
na sitajua
unachapa namba ipi.